Bi Kijiti na Kioo cha Macho

Shemeji yangu, mjane wa marehemu kaka, hakuwahi kuwa nesi wala mkunga. Alikuwa mtu wa kuongea. Kliniki ilimwajiri aongee, na sijui kama leo kazi ya namna hiyo bado ipo duniani. Kila asubuhi, kabla daktari hajaanza kuita watu, alisimama mbele ya ukumbi wa kungojea, akatundika ubao uliovishwa blanketi la kijivu, akaanza kubandika picha. Picha zilikuwa za karatasi ngumu zilizogundishwa msasa mgongoni, na msasa ukigusa blanketi unang'ang'ania kama kupe. Mama mjamzito. Mtoto anayeharisha. Mbu mkubwa kuliko mtoto, na watu walimcheka mbu huyo kila siku kana kwamba ndiyo kwanza wanamwona. Mkononi alishika kijiti cha kuonyeshea, kilichong'aa kwa jasho la kiganja. Watu wakamwita Bi Kijiti, na jina alilopewa na wazazi wake likabaki kwa ndugu.

Alikuwa na namna yake ya kufundisha, na hakuna chuo kilichompa. "Msinitazame mimi," alikuwa akiwaambia, "mimi si mzuri kiasi hicho. Fuateni kijiti." Alijua kwamba watu wetu hawapendi kumkodolea macho mtu anayesema nao mambo mazito, hasa akiwa mkubwa wao. Kumkazia mkubwa macho ni ufidhuli. Kuinamisha uso ndiko kusikiliza. Basi aliwapa kitu cha kutazama ambacho hakina uso, na masikio yao yakafunguka.

Somo likiisha, kijiti kiligeuka kikaelekea kwenye mabenchi, kikatembea taratibu, kila mtu akijifanya anafunga kamba ya kiatu, mpaka kikatua kwa mmoja.

"Wewe shangazi wa kilemba cha bluu. Rudia."

"Mimi? Nimesahau, Bi Kijiti."

"Umesahau! Mbona mambo ya ndoa ya jirani yako hujayasahau? Nilikusikia pale bombani, ulikuwa unayatoa na nukta na mkato."

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Mwenye kilemba naye alicheka, kisha akarudia, na alipokosea wenzake wakamsahihisha kwa kelele. Hakuna aliyekwenda kwa daktari mpaka mmoja wao arudie somo zima bila kuruka. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yake. Wengine walinung'unika kwamba anawachelewesha. Ndiyo, aliwachelewesha, lakini walitoka pale na kitu kichwani.

Nyumbani alikuwa mtu mwingine. Tuliishi ua mmoja, mimi chumba cha nyuma, yeye na mwanawe nyumba ya mbele. Mwanawe ni dereva wa malori ya masafa marefu, mtu wa kuonekana na kupotea kama mwezi. Alipooa, alituletea binti mpole mno, mwenye sauti ya kuombea radhi, ambaye alimpisha mama mkwe njia hata pale ambapo njia ilitosha wote. Alipomsalimia aliinama, na macho yake hayakupanda juu ya magoti ya mwenzake. Shemeji naye alikuwa na haya za kwake. Mambo ya tumbo na uzazi aliyoyatangaza mbele ya ukumbi mzima wa watu asiowajua, hakuweza kumtamkia mkwe wake mmoja jikoni. Wenye kusoma mtacheka. Sisi tulilelewa hivyo, na ilikuwapo njia ya kupita: mkwe anakuja kliniki, anakaa benchi la nyuma kati ya wenzake, na Bi Kijiti anamfundisha kwa kuufundisha ukumbi. Jioni wanakutana jikoni, kila mmoja anajua kuwa mwenzake anajua, na hakuna aliyevunjiwa heshima.

Mkwe alipopata mimba ya kwanza alihudhuria namna hiyo mara chache za mwanzo, kabla zamu ya somo la dalili za hatari haijafika. Kisha kikaja kioo.

Kililetwa baada ya mwaka ule wa maradhi ya kuambukizana, watu walipokuwa wanaogopa hata kitasa cha mlango. Kioo kipana kilifungwa ukutani palepale ulipokuwa unatundikwa ubao. Chini yake kilikaa kipande cheusi chenye vijitaa vyekundu, na hicho ndicho kinachosoma macho. Unasimama juu ya nyayo za njano zilizopakwa sakafuni. Unatazama picha ya somo lako. Duara linaizunguka picha na kujaa kidogo kidogo, na likijaa, somo linafunguka. Hugusi kitu. Anatokea daktari mzee mwenye koti jeupe na miwani, anakutazama usoni, anasema, "Mwanangu, nisikilize kwa makini." Chini kabisa ya kioo kuna kitufe cha kijani kilichoandikwa NIMEELEWA. Ukimaliza somo unakitazama kitufe, duara linajaa, kioo kinakupongeza, na taa inawaka dirishani kwa nesi ili ajue kwamba huyu amefundishwa, apewe namba ya kumwona daktari.

Sisemi kitu chenyewe kilikuwa cha kijinga. Sauti ilikuwa safi, Kiswahili kilikuwa kizuri, na vijana walikipenda, walisimama pale wakifungua masomo hata yasiyowahusu. Ninachosema ni kwamba aliyekitengeneza hakuwahi kukaa kwenye benchi la nyuma.

Msimamizi wa kliniki, mwanamke mwenye umri wa kuwa binti yake, alimwita shemeji ofisini. Hakumfukuza. Alimwambia kwamba ukumbi sasa unahitaji utulivu, sauti yake inakichanganya kioo, na kwamba ipo nafasi ya usafi. Ubao ukapelekwa stoo. Kijiti alirudi nacho nyumbani, akakichomeka kwenye paa la jiko.

"Shemeji," nilimwambia, "kataa. Wewe si mtu wa kufagia."

"Nikikataa nitakula nini, maneno yangu?" Akacheka, lakini kicheko hakikufika mbali. "Halafu usinitie uchungu bure. Yule mzee wa kwenye kioo anajua kusema kuliko mimi. Hata meno yake yamepangana."

Basi akawa anafuta kioo. Kioo kisichoguswa kilikuwa na alama za vidole kila siku, maana watu ni watu. Alikifuta asubuhi na mchana, akawa anapita na ndoo yake kimya mbele ya mabenchi yaliyomjua, na wale wa zamani walipomtania, "Bi Kijiti, umemezwa na televisheni?" aliweka kidole mdomoni na kuonyesha ofisi kwa kichwa.

Jioni moja mkwe alirudi kutoka kliniki, akapita uani kwetu akiwa ameridhika kidogo. Shemeji alikuwa anachambua mboga. Akamuuliza kwa mbali, kama ilivyokuwa desturi yao:

"Umepata huduma vizuri, mwanangu?"

"Vizuri, mama. Presha wamesema iko sawa. Na kwenye kioo nimepongezwa."

"Umepongezwa! Basi hongera."

Yakaishia hapo. Shemeji akarudi kwenye mboga zake akiwa na moyo mweupe. Somo la dalili za hatari, lile ambalo yeye alikuwa akilirudia mpaka mate yakauka, mkwe amelipata kutoka kwa daktari mwenyewe, tena amepongezwa. Aulize nini zaidi?

Joto lilikuwa kali miezi ile. Mimba ilikuwa imekuwa kubwa, na mkwe alianza kuonekana asubuhi akiwa amejifunga kitambaa kichwani, amekikaza hasa. Akiulizwa alisema ni jua tu. Alinunua vidonge vya maumivu dukani. Pete ilimbana mpaka akaivua kwa sabuni. Wajawazito huvimba, kila mtu anajua, na hakuna aliyelifanya jambo.

Sasa nieleze siku yenyewe. Asubuhi ile shemeji alikuta kioo kimepakwa mikono ya watoto. Akawa anakifuta kikiwa kinafanya kazi, na alipoona mama mjamzito anakanyaga nyayo za njano, alisogea pembeni, akajibanza ukutani kando ya kioo akimngoja amalize. Amejibanza hivyo, uso wake ukawa unaelekea kwa watu, kama alivyokuwa akisimama enzi zake. Tangu wampe ndoo alikuwa hajawatazama watu kutoka upande ule.

Yule mama alichagua somo la dalili za hatari. Daktari akatokea na koti lake, akamkazia macho. "Mwanangu, nisikilize kwa makini." Na yule mama, kwa adabu aliyofunzwa na mama yake, akainamisha macho kumsikiliza.

Macho yalitua kwenye kitufe cha kijani. Duara likajaa. "Hongera! Umeelewa somo. Asante kwa kujali afya yako." Taa ikawaka dirishani. Nesi akaita.

Shemeji alidhani ni bahati mbaya. Akaja wa pili, mtu mzima zaidi, akainama vilevile, akapongezwa vilevile. Wa tatu alikuwa msichana aliyetafuna ubani na kumtolea daktari macho kama anayedai deni. Huyo alisikia somo lote. Wa nne akainama. Shemeji akaacha kitambaa, akamfuata yule wa nne mpaka kwenye mlango wa choo.

"Samahani mwanangu. Pale kwenye kioo umefundishwa nini?"

"Nimeambiwa hongera, mama."

"Hongera ya nini?"

Yule mama alifikiri kwa uaminifu kabisa. "Sijui. Labda ya kuja."

Shemeji aligeuka pale pale. Akaenda moja kwa moja ofisini na mikono yake ya maji, akamweleza msimamizi alichokiona. Msimamizi alikuwa na simu sikioni, akaiweka chini, akamsikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeambiwa na wakubwa wake kwamba kliniki yake inaongoza kwa watu wanaoelewa haraka.

"Bi Kijiti, naelewa inauma kupokonywa kazi."

"Si wivu, mwanangu. Njoo usimame pale nilipokuwa nimesimama uone."

"Wameandikiwa pale juu, kwa herufi kubwa, mtazame daktari. Mwenye macho haambiwi tazama."

"Mwenye macho na adabu je?"

"Watazoea."

"Watazoea lini? Mimba haingoji mtu azoee!"

"Nitamwambia fundi akija. Sasa rudi ukamalizie, ukumbi una maji watu watateleza."

Alikuwa amefika mlangoni ndipo neno lilipomrudia. Nimepongezwa. Kati ya wote waliokanyaga zile nyayo za njano, ni nani angeinamisha macho haraka kuliko yule mtoto? Yule ambaye hajui hata mama mkwe wake ana kovu kwenye kidevu, kwa kuwa hajawahi kumtazama mpaka hapo! Kisha kitambaa. Kitambaa kilichokazwa kichwani. Pete.

Aliiacha ndoo katikati ya ukumbi. Nilikuwa nimekaa kizingitini nikisoma nilipomwona anaingia uani anakimbia, kiatu kimoja mguuni, mwanamke wa umri wake.

"Mkwe yuko wapi?"

"Ndani. Si amesema anajilaza?"

Mkwe hakuwa amelala. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mkono mmoja umeshika tumbo chini ya kifua, mwingine unapapasa ukuta. Uso umefura hadi macho yamekuwa nyufa. Mchana kweupe, dirisha wazi, jua limejaa chumba kizima. Aliposikia nyayo akageuza kichwa upande usio wetu, akasema kwa sauti yake ile ya kuomba radhi:

"Mama, ni wewe? Umeme umekatika?"

Shemeji alimshika kidevu, akamwinua uso kwa mara ya kwanza tangu aingie nyumba ile, akamtazama ndani ya macho. Macho yalikuwa yamefunguka na hayakuwa na mtu.

Nililikimbilia gari la muuza maji, tukamlaza kati ya mapipa. Njiani, kichwa chake kikiwa mapajani mwa mama mkwe, kifafa cha mimba kilimkamata. Meno yalisagana. Shemeji alimlaza ubavu, akaondoa mapipa yasimgonge, akawa anasema maneno ambayo mwanzoni nilidhani ni dua. Alikuwa anasema somo. Lile lile la enzi za ubao, neno kwa neno: kichwa kikuume kisiache, macho yaone ukungu, uso na mikono vivimbe, tumbo liume chini ya kifua, usingoje kesho, usimwonee mtu haya. Alikuwa anamfundisha, na mwanafunzi povu linamtoka.

Hospitali kubwa walimpasua. Mtoto alikuwa wa kike, kamili, kucha na nywele, na hakulia. Mkwe alibaki. Macho yalimrudia pole pole, kwanza mwanga, kisha vivuli, kisha sisi, na nafikiri kama angeulizwa angependa yangoje kidogo. Mwanawe shemeji alifika baada ya mazishi, akakaa ndani ya lori lake nje ya ua na injini inanguruma, hawezi kushuka.

Ziko zile nasaha za kufariji, kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Nilizijua zote na sikumwambia hata moja.

Shemeji alirudi kazini. Kitufe kilikuwa palepale chini, kwa kuwa fundi alikuwa bado hajaja. Akawa anafuta kioo.

Wakati ulipofika mkwe alitakiwa kurudi kliniki wakamwangalie kovu. Nilimsindikiza. Dirishani nesi, bila kuinua kichwa, akasema alichokuwa anamwambia kila mtu: "Pita kwenye kioo kwanza."

"Dada," nikamwambia, "huyu hana somo la kusikiliza leo."

"Mzee, taa isipowaka siwezi kutoa namba. Si mimi, ni mashine."

Mkwe akaenda. Alikuwa mtu wa kufanya anachoambiwa. Akasimama juu ya nyayo za njano, na kioo kikamletea picha ya waliokwisha kujifungua. Daktari mwenye koti jeupe akamtazama na meno yake yaliyopangana. "Mwanangu, hongera kwa kupata mtoto. Je, unamnyonyesha?"

Akainamisha macho.

Duara likajaa. "Hongera! Umeelewa somo."

Shemeji alikuwa pale pale na kitambaa chake. Sikumwona akiwaza. Alikichovya kitambaa kwenye ndoo, akakikamua, akakitandaza juu ya kile kipande cheusi chenye vijitaa vyekundu, taratibu, kama anavyofunikwa mtu. Kioo kikatatizika. "Tafadhali sogea karibu," kikasema. "Sikuoni."

Akageuka kwa mabenchi. Ubao hakuwa nao, picha hakuwa nazo. Akachomoa mpini kwenye fagio la kupigia deki, akaunyanyua, akajigusa kichwani mwenyewe.

"Hapa," akasema. "Pakikuuma na vidonge visitulize." Akajigusa chini ya macho. "Hapa, ukiona ukungu, ukiona nyota mchana." Uso. Mikono. Akaushusha mpini mpaka chini ya kifua chake. "Na hapa."

"Sogea karibu. Sikuoni."

"Usingoje kesho. Usiseme ni jua. Usimwonee mtu haya, hata mama mkwe." Sauti yake ikapasuka hapo, akaikusanya. "Sasa nani atarudia?"

Ule mpini ulitembea mbele ya mabenchi kama kijiti cha zamani, lakini hakuna aliyefunga kamba ya kiatu wala aliyecheka. Ukumbi mzima ulikuwa umeinamisha vichwa. Askari wa mlango alikuwa ameshaanza kuja. Msimamizi alikuwa amesimama mlangoni mwa ofisi, mkono mdomoni.

Mkwe, bado juu ya nyayo za njano, macho sakafuni, akarudia. "Kichwa kikiuma kisiache. Macho yakiona ukungu. Uso na mikono vikivimba. Tumbo likiuma chini ya kifua." Hakuruka hata moja. "Usingoje kesho."

"Vizuri, mwanangu," Bi Kijiti akasema. "Umeelewa."

Askari akamshika mkono kwa heshima, akamtoa nje.

Hajarudi tena. Walimpa barua, sikuisoma. Mwanawe alimpeleka mkewe kwao akapumzike, na mapumziko yale yamekuwa marefu, na nadhani hatarudi kwenye nyumba ambayo kila akiinua macho anakiona kitanda kile. Shemeji anashinda jikoni. Kijiti bado kimechomekwa paani, moshi umekifanya cheusi, na siku moja niliponyoosha mkono nimshushie alinizuia kama aliyeona nyoka.

Fundi alikuja hatimaye. Hakuna aliyemuuliza Bi Kijiti kitu. Kitufe cha kijani kimehamishiwa juu kabisa kwenye kona ya kioo, mahali ambapo mtu mwenye adabu hawezi kukifikia kwa bahati mbaya, na kwenye mkutano wa wakubwa wakapigiana makofi.

Nilipita pale juzi kutafuta dawa ya kifua. Alikuwapo mama mmoja juu ya zile nyayo, amebeba mtoto aliyekuwa amelegea shingo. Daktari akaanza kumweleza jambo. Yule mama, maumivu yamemzidi, akainua macho juu kumwomba Mungu.

"Hongera," kioo kikamwambia.